Masikio ya askari mstaafu yanavuma: ni nani atakayemfidia?

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sijui kama kuna maradhi yanayoithibitisha kauli hiyo kuliko mvumo wa masikioni. Aliyekatwa mguu huonekana akitembelea gongo, na aliyepofuka huonekana akishikwa mkono na mjukuu. Lakini mtu ambaye masikio yake yanavuma usiku na mchana, kana kwamba nyenje wamejenga kiota kichwani mwake, hutembea barabarani kama sisi sote. Hana kovu wala bendeji. Akilalamika huambiwa kwamba anazeeka, na akinyamaza huambiwa kwamba amepona.

Katika eneo la Kitale na Bungoma, kama ilivyo katika sehemu nyingi za magharibi mwa nchi yetu, kulima na kufundisha ni kazi zinazoheshimiwa, na kadhalika kazi ya uaskari. Wapo babu waliotumikia King's African Rifles, na wapo wana na wajukuu waliolitumikia jeshi la Kenya huru, wengine wakipelekwa Namibia mwaka 1989, wengine Yugoslavia ya zamani kuanzia mwaka 1992, na wengine Somalia kuanzia Oktoba 2011. Wengi wamerudi kulima mahindi au kufungua maduka. Suala ninalotaka kulijadili leo ni la wale waliorudi na mlio ambao haukubaki vitani. Je, wanastahili fidia? Na kama wanastahili, ni kipi kinachowazuia kuipata?

Kwanza tuelewe jambo lenyewe. Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kidogo kilichojiviringa mfano wa konokono. Ndani yake mna chembe zenye vinyweleo ambazo kazi yake ni kuugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa neva. Sauti kubwa mno huviinamisha vinyweleo hivyo kama upepo wa tufani unavyolaza ngano. Vikiinama kidogo huweza kuinuka tena, lakini chembe ikifa haioti nyingine mahali pake. Ubongo uliozoea kupokea ujumbe kutoka katika sehemu hiyo hubaki ukingoja. Wataalamu wengi hueleza kwamba, katika kungoja huko, ubongo huongeza nguvu za usikivu wake hadi ukaanza kusikia kitu ambacho hakipo. Ndiyo maana mgonjwa husikia mvumo, mluzi au mlio wa nyenje hata katika chumba kisicho na sauti yoyote. Hakuna dawa iliyothibitishwa kuuondoa mlio huo kabisa. Mgonjwa husaidiwa kuuzoea, kulala vyema, na kupata kifaa cha kusikia pale ambapo usikivu pia umepungua.

Sasa tutazame vipimo. Kanuni za kelele kazini zilizotolewa humu nchini mwaka 2005 zinasema kwamba mfanyakazi asikabiliwe na kelele zinazozidi wastani wa desibeli 90 kwa saa nane katika siku moja, wala na mshindo unaozidi desibeli 140 wakati wowote ule. Mlio wa bunduki ya kivita, ukipimwa karibu na sikio la mpigaji, hupita desibeli 150. Mzinga huzidi hapo. Tena desibeli hazihesabiwi kama shilingi, kwamba 150 ni zaidi kidogo tu ya 140; kila desibeli kumi zinapoongezeka, nguvu ya sauti huongezeka mara kumi. Kwa hiyo kuruta aliye katika uwanja wa shabaha, hata kabla hajamwona adui yeyote, huwa amekwisha kulitia sikio lake katika hatari ambayo kanuni za kiwandani zinaikataza.

Mimi ni mwanaisimu, si tabibu, na hapa ndipo taaluma yangu inapogusa jambo hili. Mshindo wa silaha huanza kwa kuharibu usikivu wa sauti nyembamba, yaani zile za masafa ya juu. Irabu za Kiswahili, a, e, i, o, u, zina nguvu nyingi katika masafa ya chini, nazo humfikia mzee bila taabu kubwa. Lakini konsonanti za kukwamiza kama s, sh na f ni dhaifu, na uzito wake uko juu. Matokeo yake ni kwamba mstaafu husikia kuwa anasemeshwa, ila hasikii anaambiwa nini. Sindano humchanganya na shindano. Suka, shuka na fuka humjia kama neno moja. Familia hudhani amekuwa mkaidi au mpumbavu, kwa kuwa jana alijibu na leo hajibu. Kiswahili humsaidia kwa namna moja: upatanisho wa ngeli hurudia habari ileile, hivi kwamba katika sentensi kama "kitabu kile kikubwa kimepotea" aliyekosa silabi ya kwanza huweza kuipata katika ya pili au ya tatu. Lakini pana mahali ambapo lugha haimhurumii. Nitalipa na sitalipa hutofautiana kwa sauti moja tu, tena ile ya mwanzo.

Ugumu mwingine ni wa jina. Lugha yetu ina kiziwi, kipofu, kiwete na kibogoyo, maneno ambayo leo twajitahidi kuyatumia kwa adabu zaidi kwa kusema mtu mwenye ulemavu wa aina fulani. Lakini mtu anayesikia mlio usiokuwapo hana nomino. Husema kwa kitenzi: masikio yananivuma, masikio yanalia, kichwa kinapiga kelele. Kitenzi vuma kimetuzalia nomino uvumi, nayo maana yake ni habari isiyo na uhakika. Bahati mbaya, hivyo ndivyo malalamiko ya askari huyu yanavyopokewa afisini: kama uvumi. Mgonjwa asiye na jina la ugonjwa wake hushindwa kujaza fomu, hasa fomu iliyoandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria na matabibu. Huandika kwamba anaumwa na masikio. Karani husoma kwamba mzee huyu ana uchafu masikioni, na faili hufungwa.

Neno jingine linalohitaji kupekuliwa ni fidia yenyewe. Asili yake ni Kiarabu, nalo lilihusu malipo ya kumkomboa mateka. Fidia si sadaka, kwani sadaka hutolewa kwa huruma na mtoaji aweza kuacha. Fidia si kiinua mgongo, kwani kiinua mgongo ni shukrani kwa miaka ya utumishi, na hulipwa hata kwa yule aliyestaafu mzima wa viungo vyote. Fidia ni deni. Ni kukiri kwamba kitu cha mtu kilichukuliwa, na kwa kuwa hakirudishiki, thamani yake hurudishwa. Anayemwambia mstaafu kwamba alikwisha kupewa kiinua mgongo chake, basi aridhike, amechanganya madeni mawili yasiyofanana.

Historia ya maeneo haya inatufundisha kwamba serikali iliwahi kulijua deni hilo vizuri sana, ila ilichagua watu wa kuwalipa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1919, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwagawia ardhi wanajeshi waliostaafu. Mashamba mengi ya Trans Nzoia, yanayouzunguka mji wa Kitale, yaligawiwa katika mpango huo. Huko Kericho, maafisa wa Kiingereza waliolemaa vitani walitengewa ekari zipatazo 25,000 walime kitani. Waliopewa walikuwa Wazungu. Maelfu ya Waafrika waliobeba risasi na vyakula katika kikosi cha wapagazi, ambacho jina lake limebaki katika Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, hawakupewa hata konde moja. Hivyo wazo la kumfidia askari kwa ulemavu si wazo geni lililoletwa juzi. Lilitekelezwa hapahapa, juu ya ardhi ya wenyeji, kwa manufaa ya wageni.

Vita vya Pili vilipozuka, Wakenya wapatao 98,000 waliandikishwa. Walipigana Uhabeshi, na mwaka 1944 askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walilivuka bonde la Kabaw na mto Chindwin huko Burma, katika mvua na malaria. Wengi wao waliporudi nyumbani walilipwa pungufu ya wenzao Wazungu waliokuwa na cheo sawa nao. Ni wachache mno walio hai leo, na kwao mjadala wa masikio umechelewa. Lakini wajukuu wao ambao wamestaafu majuzi wangali hai, na hoja ya kwamba wakati umepita haiwezi kutumiwa dhidi yao.

Sheria yetu inasemaje? Mfanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Nzoia, hapo Bungoma, akiharibiwa masikio na mitambo, anayo Sheria ya Manufaa ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Sheria hiyo inawahusu hata waajiriwa wa serikali, lakini imewaacha nje wanajeshi. Haimaanishi kwamba askari hana lolote. Jeshi lina kanuni zake za pensheni, za kiinua mgongo na za ulemavu, na lina madaktari wake. Mwaka 2022 Kenya ilipata pia Sheria ya Wanajeshi Wastaafu, iliyokusudiwa kuweka utaratibu wa manufaa yao na ya wanaowategemea. Mwaka 2025 tukapata sheria mpya ya watu wenye ulemavu, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2003. Milango basi ipo. Tatizo la mvumo wa masikioni ni kwamba milango hiyo imetengenezwa kwa vipimo vya mguu uliokatika na jicho lililotoboka. Ulemavu usioonekana hauna kipimo kinachokubalika mlangoni.

Wenzetu wamefanyaje? Huko Marekani, mvumo wa masikioni ndio ulemavu unaofidiwa zaidi kuliko mwingine wowote miongoni mwa wanajeshi wastaafu. Wanaolipwa kwa ajili yake wamepita milioni mbili. Kiwango chake ni asilimia 10 ya ulemavu, ukiwa katika sikio moja au yote mawili, na mwaka 2024 asilimia hiyo ilimaanisha dola 171 kwa mwezi. La kuzingatia zaidi ni namna walivyolitatua tatizo la ushahidi. Mwaka 2002, katika kesi ya Charles dhidi ya Principi, mahakama ya rufani ya wastaafu iliamua kwamba mstaafu mwenyewe ni shahidi halali wa mlio ulio masikioni mwake, kwa kuwa ni jambo analolihisi mwenyewe. Pili, idara yao ina orodha ya kazi zote za jeshi, ikionyesha ni ipi yenye uwezekano mkubwa, wa wastani au mdogo wa kumkabili mtu na kelele. Mpiga mizinga hahitaji kuthibitisha kwamba mizinga hulia.

Hata kampuni zimebebeshwa mzigo huo. Mwaka 2023 kampuni ya 3M ilikubali kulipa takriban dola bilioni sita ili kumaliza kesi za maelfu ya wanajeshi na wastaafu waliodai kwamba vizibo vya masikio walivyouziwa havikuwakinga. Tunajifunza nini? Kwamba sikio lina bei, na kwamba kizibo cha shilingi chache kinachofanya kazi kingekuwa rahisi kuliko fidia yoyote.

Najua litakalosemwa. Litasemwa kwamba ikiwa ushahidi ni kauli ya mdai, basi kila mstaafu atadai kuwa masikio yake yanavuma. Hoja hii si ya kupuuzwa. Marekani kwenyewe, mwaka 2022, idara husika ilipendekeza mvumo usihesabiwe peke yake bali uwe dalili ya ugonjwa mwingine, kama vile upungufu wa usikivu. Lakini hofu ya mdanganyifu haiwezi kuwa sababu ya kumnyima mkweli. Maumivu ya mgongo nayo hayaonekani, na hakuna aliyependekeza yafutwe katika orodha ya majeraha. Dawa ya udanganyifu ni kumbukumbu. Usikivu wa askari ukipimwa siku anapoingia jeshini, ukapimwa kila mwaka, na ukapimwa tena siku anapotoka, chati zake zitasema. Jeraha la kelele huacha alama inayojulikana na wapimaji: usikivu huzama ghafla karibu na masafa ya mitetemo 4,000 kwa sekunde, kisha huinuka tena. Chati haiwezi kuonyesha mvumo wenyewe, lakini huonyesha moto uliouacha moshi huo.

Litasemwa pia kwamba nchi ni maskini. Lakini kipimo ni bei nafuu kuliko kesi, na kiwango kidogo kinachojulikana ni bora kuliko ahadi kubwa isiyotekelezwa. Asilimia ndogo iliyowekwa wazi ingemwezesha mstaafu wa Kiminini au wa Chwele kununua kifaa cha kusikia na betri zake, na kusafiri hadi kwa mtaalamu.

Uadilifu unatulazimu kukumbuka pia masikio yasiyovaa kofia ya jeshi. Mwezi Machi 2008 jeshi lilitumwa Mlima Elgon, katika Bungoma ya leo, katika Operesheni Okoa Maisha dhidi ya kundi la wapiganaji lililokuwa limewatesa wakazi. Baadaye raia wengi walidai kwamba waliteswa na wanajeshi. Shauri lililopelekwa katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki kwa ajili yao lilianguka katika rufani mwaka 2012, si kwa sababu madai yalionekana kuwa ya uongo, bali kwa sababu muda wa miezi miwili uliowekwa na mkataba ulikuwa umepita. Somo lake linamhusu askari na raia vilevile: muda mfupi wa kudai huua haki kabla haijasikilizwa. Mvumo wa masikioni ni ugonjwa wa polepole. Wapo wanaouchukulia kuwa jambo la kupita, wakauvumilia miaka kumi kabla ya kumwona daktari. Sheria inayohesabu siku kuanzia siku ya mshindo, badala ya siku ambayo mtu alifahamu kwamba ameumia, inamhukumu kwa uvumilivu wake.

Basi ni lipi la kufanywa? Kwanza, kila askari anayestaafu apewe mkononi nakala ya chati yake ya usikivu, isibaki katika kabati asiyoifikia. Pili, kanuni za wastaafu ziutaje mvumo wa masikioni kwa jina na kuuwekea kiwango. Tatu, itolewe orodha ya kazi za jeshi zenye kelele, ili mzigo wa kuthibitisha mshindo usimwangukie mzee peke yake. Nne, vipimo vipatikane katika hospitali za kaunti, ili mtu wa Kitale au Bungoma asilazimike kufunga safari ya Nairobi kuthibitisha kwamba haisikii honi ya matatu iliyompeleka. Tano, fomu ziandikwe kwa Kiswahili. Hili si ombi la fadhila: ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Lugha rasmi isiyoweza kudai haki afisini ni rasmi kwa jina tu.

Kwenu walimu na wanafunzi, mnaosoma ukurasa huu, ninayo maombi mawili. La kwanza ni la istilahi. Napendekeza tuuite ugonjwa huu mvumo wa masikioni, tuutofautishe na uziwi, na tuutumie katika insha, katika kamusi za shule na katika masomo ya sayansi, hadi utulie vinywani mwa watu. Mkiwa na neno bora zaidi, lileteni lijadiliwe. Muhimu ni kwamba liwepo neno moja ambalo daktari, karani na mstaafu watalielewa sawasawa. La pili ni la mkono. Karibu kila kijiji kina askari mstaafu, na karibu kila kijiji kina mwalimu. Mwalimu huyo aweza kukaa naye, akazungumza polepole huku akimtazama usoni, na kuandika kwa utaratibu: alikuwa kikosi gani, alitumia silaha gani, mlio ulianza lini, unamzuia nini. Karatasi hiyo, ikitiwa sahihi na tarehe, ni mwanzo wa ushahidi.

Wahenga pia walisema kwamba ngoma ivumayo haidumu. Hii ya wastaafu wetu hudumu, kwa kuwa inapigwa ndani ya fuvu la mchezaji mwenyewe. Hatuwezi kuinyamazisha. Tunaloweza ni kuhakikisha kwamba siku watakapofika afisini na serikali ikawajibu, jibu litakuwa nitalipa wala si sitalipa, na kwamba litaandikwa kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, ili pasiwe na haja ya kulisikia.